Mzigo wa Kuruta: Namna ya Kumtumia Mwanao Vitu JKT

Kifurushi unachomtumia kuruta, tarajia kwamba kitafunguliwa mbele ya afande, kitu kimoja kimoja, na kila kinachotoka kitaulizwa kama kinaruhusiwa. Mzazi anayefunga mzigo akimwaza mwanawe tu hujaza biskuti na karanga. Mzazi anayemwaza pia huyo atakayeufungua hufunga mzigo mdogo, safi, usio na la kuelezea, na huo ndio unaofika mikononi mwa kijana.

Kila mwaka, vijana waliomaliza kidato cha sita wanapoitwa kwa mujibu wa sheria, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) hutangaza makambi waliyopangiwa pamoja na vitu vya kwenda navyo. Orodha yenyewe haibadiliki sana: bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, mfuko mmoja nyuma, isiyo na zipu na inayoishia magotini, fulana ya kijani, raba za michezo za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, traksuti ya kijani au bluu, nguo za baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi, vyeti, na nauli ya kwenda na kurudi. Isome kwenye tovuti ya JKT yenyewe, usitegemee ile picha inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa imekatwa mstari wa chini. Mizigo mingi inayotumwa baadaye ni ya kuziba pengo la bukta yenye zipu au shuka lenye maua.

Kinachoharibika kwanza ni miguu. Mchakamchaka wa alfajiri, kwata ya asubuhi, kazi za shamba mchana: raba ya bei ya chini huachia soli mapema, na jozi mbili za soksi haziwezi kupokezana kwa sababu moja haijakauka nyingine ishalowa jasho. Kama utatuma kitu kimoja tu, tuma soksi. Tuma jozi nne au tano, nyeusi, ndefu, zinazokaa vizuri mguuni, maana zile zinazoteleza ndizo zinazoleta malengelenge. Raba nunua kubwa kidogo kuliko namba yake ya shule, kwa kuwa mguu unaokimbia kila siku huvimba na soksi inachukua nafasi. Kabla ya kuzilipia zikunje katikati kwa mikono miwili. Zikipasuka gundi hapo dukani, ujue kambini hazitamaliza wiki.

Baridi nayo huwashangaza watu wa Pwani. Mafunzo huangukia Juni na Julai, na kijana wa Temeke au Tanga aliyepangiwa kambi ya Mafinga hukutana na baridi ambayo hajawahi kuijua maishani. Usimtumie jaketi la mtindo. Sweta la rangi tulivu la kuvaa ndani, lisilo na maandishi, ndilo lisiloleta maswali. Mafuta mazito ya kujipaka utaona ni jambo dogo, lakini midomo na visigino vikipasuka hata kuvaa kiatu ni adhabu. Dodoma na Arusha, upepo wa usiku pia si wa kubeza.

Sabuni, dawa ya meno, taulo za kike, wembe, sindano na uzi: hivi ni vya kawaida na aghalabu havina shida. Vifunge kidogo kidogo. Kuruta anaishi kwenye hanga na wenzake wengi, na sehemu yake ya kuweka vitu ni begi au sanduku lake tu. Ukimtumia vipande kumi vya sabuni, umemfungulia duka asiloliomba.

Sasa yale ya kuacha. Usimnunulie chochote chenye mabaka, hata kofia, hata begi, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni ya jeshi. Sare atapewa na jeshi. Mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo, kwa hiyo mwenye kosa hapo ni wewe uliyenunua kabla hata ya kuruta kuvaa. Simu usiifiche kwenye mkate wala ndani ya soksi. Ikikutwa, anayeadhibiwa si wewe. Cheni, saa ya thamani na manukato viache nyumbani. Kuhusu chakula, najua mama hawezi kusikia hili, lakini kitu kilichopikwa kinachosafiri siku mbili ndani ya buti ya basi kinafika kikiwa kimechacha, na chakula kwenye hanga kinaita panya na sisimizi. Ukitaka ale kitu cha nyumbani, ngoja siku ambayo kambi itaruhusu wazazi kutembelea, umpelekee akile mbele yako.

Dawa ni habari nyingine kabisa, na hapa usione haya kusumbua watu. Kijana mwenye pumu, selimundu, kisukari au kifafa lazima uongozi wa kambi ujue tangu siku ya kuripoti, na barua ya daktari iwe kwenye vyeti vyake. Dawa zikitumwa baadaye, zitumwe zikiwa kwenye pakiti zake za asili, zenye jina na tarehe ya kuisha, pamoja na nakala ya barua hiyo. Vidonge vilivyomwagwa kwenye karatasi ya daftari hakuna mhudumu wa afya atakayekubali kumkabidhi kuruta. Miwani tuma jozi ya akiba ndani ya kasha gumu.

Kabla hujafunga chochote, piga simu kambini au muulize mzazi mwenye kijana kambi hiyo: mzigo unapokelewa wapi, siku gani, na nani? Kuruta hawezi kutoka kwenda stendi. Wengi hutuma kwa basi, mzigo unafika mjini, kisha unakaa ofisi ya basi wiki nzima kwa kuwa mwenye mzigo yuko kwenye kwata. Kama una ndugu karibu na kambi, mtumie yeye, naye aufikishe getini kwa siku iliyoruhusiwa. Chukua risiti, namba ya basi na namba ya simu ya ofisi inayopokea. Posta ni ya polepole lakini ina faida yake, maana kambi ina anwani inayojulikana. Andika namba ya kikosi pamoja na jina la kambi: Mafinga ni 841 KJ, Makutupora ni 834 KJ. Kisha majina ya kuruta, yote matatu kama yalivyo kwenye vyeti, na kombania yake. Akina Neema John kambini ni wengi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo tumia boksi gumu ndani ya kiroba cha salfeti, ukishone mdomo kwa sindano ya gunia. Mshono wa mkono una siri moja: mtu akiuchokonoa njiani, utajulikana. Juu ya kila kitu weka karatasi yenye orodha ya vilivyomo na idadi yake. Afande atakayekagua atamaliza kazi haraka, na kuruta atajua kama kuna kilichopungua.

Pesa zisiwekwe kwenye mzigo. Na siku ukipokea ujumbe unaosema, "Mama, ni mimi, nimeazima simu, ile hela tuma kwenye namba hii," usitume hata shilingi. Matapeli wanajua kwamba mwanao hana simu na kwamba huwezi kumpigia kuthibitisha. Wengine husema kijana ameumia na anahitaji matibabu ya haraka. Piga namba ya kambi uliyoichukua mwenyewe mapema, siyo ile iliyokutumia ujumbe.

Nimeacha mwisho mzigo wenye thamani kuliko yote, nao ni bahasha. Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai, kuruta akiwa bado kambini, na miaka ya karibuni dirisha la mikopo ya elimu ya juu limekuwa likifunguliwa Juni. Maombi ya vyuo yanafuata mara tu baada ya matokeo. Ndiyo maana tangazo la JKT linawataka vijana waende na vyeti vyao vinavyohitajika kwa udahili wa vyuo. Lakini karatasi nyingine ziko kwako: uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA unaweza kuufanya wewe mtandaoni, na cheti cha kifo cha mzazi, kama yupo aliyefariki, kinahitaji kuhakikiwa vilevile.

Fomu ya mkopo ndiyo inayosumbua. Ikishachapishwa inataka saini ya mwombaji, ya mdhamini, muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji na wa kamishna wa viapo. Mdhamini yuko nyumbani, mwombaji yuko kambini. Kwanza uliza kama kambi imewawekea vijana utaratibu wa kuomba wakiwa huko. Kama haupo, anza na saini ya kijana: tuma kurasa zinazohitajika tu, weka alama ya penseli mahali pa kusaini, na tia ndani bahasha nyingine tupu yenye anwani yako na stempu, ili karatasi irudi bila kumwomba mtu hela. Ikirudi ndipo uende kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa kamishna wa viapo. Vyeti halisi usivitume kwa basi wala posta. Tuma nakala, na vile halisi vipige picha kwa simu leo, kabla hata kijana hajaondoka, kisha ukubaliane naye nani ataingiza maombi, kwa barua pepe ipi na kwa namba ipi ya simu. Nywila mpeane kwa mdomo.