Kijana mnene anayesinzia mchana

Je, nyumbani una kijana mnene kupita kiasi anayesinzia darasani? Huku Kisumu na kandokando ya Ziwa Victoria, mzazi hushuku kwanza malaria au upungufu wa damu. Ni vyema, yapimwe. Hesabu pia saa anazolala: wa miaka 13 hadi 18 ahitaji saa 8 hadi 10. Yote yakiwa sawa, usikimbilie kumwita mvivu. Msikilize usiku.

Mafuta yanayozunguka koo, au tonsili zilizovimba, huweza kuziba njia ya hewa usingizini. Kijana hukoroma, hunyamaza ghafla kwa sekunde kadhaa, halafu hushtuka akitweta. Asubuhi hakumbuki lolote, ila ameamka amechoka. Kila hewa inapokatika, oksijeni hupungua katika damu, moyo huenda mbio na mishipa hujikaza. Jambo hili likiendelea miezi na miezi, shinikizo la damu laweza kupanda na insulini ikashindwa kazi yake ya kupunguza sukari. Kisukari hakingoji uzee.

Mpeleke hospitali, iwe ile ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado huiita Russia, au iliyo karibu. Mtajie daktari kukoroma huko, maana huenda asiulize. Apimwe shinikizo, sukari na koo. Mkanda wa kupimia shinikizo utoshe mkono wake. Ukiwa mdogo, hesabu hupanda bure.

Punguza soda na chipsi. Samaki wa kuchemsha na osuga havina hatia.

Akiwa shule ya bweni, waulize wanaolala naye.