Injinia Aliyewafundisha Wasanifu

Kiangazi cha mwaka juzi jiko letu huko Wampembe liliinama. Halikuanguka, ila upepo utokao Ziwa Tanganyika ulilisukuma siku tatu likawa limelala upande. Baba alishangaa, maana nguzo zake zote zilikuwa nzima. Mjomba wangu, aliye mvuvi wala si fundi, alilivuta kwa kamba likasimama, kisha akapigilia mti mmoja mshazari, toka chini ya nguzo moja hadi juu ya nguzo ya pili. Jiko likatulia. Nilipomwuliza sababu, alisema ndivyo ifanywavyo.

Ndugu wasomaji, fungeni vijiti vinne kwa uzi viwe mraba, kisha sukumeni pembe moja. Mraba utalala, wala hakuna kijiti kilichovunjika. Sasa ongezeni kijiti cha tano toka pembe hadi pembe. Mmepata pembetatu mbili, na pembetatu haigeuki umbo mpaka kijiti kivunjike au uzi ukatike.

Jambo hili nilikutana nalo tena katika kusoma habari za Dakta Fazlur Rahman Khan. Alizaliwa mwaka 1929 Dhaka, ambao leo ni mji mkuu wa Bangladesh. Mwaka 1952 alikwenda Marekani kusoma, na mwaka 1955 akawa injinia katika kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill. Kazi yake ilikuwa majengo marefu ya Chicago. Kadiri jengo linavyorefuka, ndivyo upepo unavyozidi kudai chuma. Khan aliona kwamba nguvu ikiwekwa kwenye kuta za nje, jengo husimama kama mwanzi, ambao ndani ni mtupu na bado haukatiki kwa urahisi.

Tena alikuwa mwalimu wa wanafunzi wa usanifu katika Illinois Institute of Technology, na hapa ndipo penye utamu wa habari yake. Desturi ya wengi ni msanifu achore kwanza, kisha injinia aletewe mchoro ili aufanye usimame. Katika chuo kile Khan alifundisha pamoja na Myron Goldsmith, na sura ya jengo na nguvu yake vilifikiriwa pamoja. Mwaka 1964 mwanafunzi wao mmoja, Mikio Sasaki, alitoa tasnifu juu ya jengo refu lenye mihimili ya mshazari upande wa nje. Mwaka 1965 ulianza ujenzi wa John Hancock Center, orofa 100, meta 344, lenye mishazari mikubwa iliyopishana ubavuni. Msanifu wake alikuwa Bruce Graham. Lilitumia chuma karibu kilo 145 kwa kila meta ya mraba ya sakafu, ambapo Empire State Building ya mwaka 1931 ilitumia karibu kilo 206. Kweli mishazari hiyo huziba baadhi ya madirisha, lakini mimi ningekaa chumba hicho bila kunung'unika.

Baadaye Khan alifunga pamoja miraba tisa kama tita la matete, likawa Sears Tower, orofa 110. Alifariki Jeddah mwaka 1982.

Muhula huu sisi wa kidato cha nne tunachagua masomo ya mbele. Mimi napenda kuchora, na hesabu naziweza. Baba asema mshika mawili moja humponyoka, basi nichague. Nimemwandikia kwamba Khan hakuacha uinjinia hata siku moja, ila aliketi na wachoraji, nao wakafaidi yeye naye akafaidi. Barua nimempa mtu anayeteremka Wampembe. Ndani ya bahasha nimetia vijiti vitano na uzi.