MRI ya tezi dume: uchomwe dawa au usichomwe?

PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, ikipanda, daktari siku hizi huandika MRI kwanza kabla ya kufikiria kuchukua kinyama. Ukifika mapokezi utaulizwa: kwa dawa au bila dawa? Wengi hujibu "kwa dawa" bila kusita, kwa kuamini kuwa picha isiyo na sindano ni picha nusu. Kwa tezi dume, mara nyingi sivyo, na bei nayo si ile ile.

Kazi kubwa hufanywa na picha mbili zisizohitaji sindano. T2 huonyesha maumbile ya tezi. DWI hupima maji yanavyotembea kati ya seli: seli za saratani zimebanana, maji yanakwama, na eneo hilo linajitokeza. Dawa yenye gadolini huja mwisho. Hupitishwa kwenye mshipa wa mkono huku mashine ikirudia kupiga picha kila baada ya sekunde chache, kwa sababu kinachotafutwa ni sehemu inayong'aa mapema kuliko jirani zake. Saratani huota vimishipa vipya vinavyovuja, kwa hiyo dawa huiwahi. Shida ni kwamba tezi yenye maambukizi nayo hung'aa vivyo hivyo, na vinundu vya uzee pia.

Ndiyo maana mwongozo wa PI-RADS, toleo la 2019, unaotoa alama 1 hadi 5 za shaka ya saratani, umeiachia dawa kazi ndogo: doa la ukanda wa nje lililopata 3 hupanda hadi 4 likionekana kuwahi kung'aa. Kwa ukanda wa ndani, dawa haibadilishi alama. Mwaka 2025 utafiti wa PRIME, ulioongozwa kutoka University College London, ulichapisha matokeo ya wanaume 490 kutoka nchi 12. Picha za kila mmoja zilisomwa kwanza bila zile za dawa, kisha pamoja nazo. Saratani ya kutiliwa maanani ilipatikana kwa asilimia 29 bila dawa, na 30 kwa dawa. Ila picha zao zilikuwa nzuri. Picha mbovu haina haki ya kujivunia matokeo hayo.

Kwa hiyo mweleze daktari mambo yanayoweza kuifanya dawa ihitajike. Una chuma kwenye nyonga? Chuma huvuruga DWI, na hapo dawa husaidia kweli. Ulishafanyiwa upasuaji au mionzi na PSA inapanda tena? Omba dawa izungumziwe, maana tiba hubadilisha sura ya tezi na mng'ao huo unaweza kufichua mabaki. Kama wewe ndiyo kwanza unachunguzwa na mashine ni nzuri, uliza kwa upole: "Daktari, bila dawa haitoshi?"

Ikiamuliwa uchomwe, nenda na majibu ya karibuni ya kipimo cha figo. Namba ya eGFR kwenye majibu hayo ikiwa chini ya 30, sema kabla hujawekewa kanula. Uliza pia jina la dawa. Gadobutroli, gadoterati na gadoteridoli ni za kundi ambalo molekuli yake huifunga gadolini ndani ya pete. Zile za kundi la mnyororo huiachia kwa urahisi zaidi, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisimamisha kadhaa kati yake. Na anayesema hawezi kuchomwa kwa sababu ana mzio wa ayodini amechanganya mambo: ayodini ni ya dawa za CT. Hata hivyo mzio wowote utaje.

Dawa au bila dawa, nenda haja kubwa kabla ya kipimo. Gesi kwenye njia ya haja hupotosha DWI, picha ile ile inayotegemewa sana. Kama umeshachukuliwa kinyama, subiri angalau wiki 6, kwa sababu damu iliyobaki ndani ya tezi huiga au kuficha ugonjwa. Kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo kitaje siku ya kupanga miadi, wala usingoje kufika mlangoni.

Majibu yakitoka, usisome namba peke yake. Ukikuta 4, uliza kama ilianza kuwa 4 au ilikuwa 3 ikapandishwa na dawa, na kama unapatwa na maumivu ya kukojoa au homa, mwambie daktari hapo hapo, kabla hajapanga siku ya kuchukua kinyama, maana maambukizi nayo hung'aa.