Bega limegoma, bosi anataka dari Jumatatu

Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi rangi hapa Morogoro, nina miaka 44, mke na watoto watatu. Kwa miezi kadhaa sasa bega la kulia linaniuma kila ninaponyanyua mkono kupiga msasa dari. Sikuanguka wala sikugongwa, lilianza kidogokidogo. Usiku nikililalia naamka. Mke wangu alinifunga mkono kwa kanga shingoni wiki tatu ili upumzike, tulipoufungua ukawa mgumu kuliko mwanzo. Kuna mzee mtaani anayekanda, anasema bega limeteguka na anataka kuuvuta mkono alirudishe. Bosi naye amepata nyumba ya vyumba sita, anataka nianze dari zote Jumatatu. Nikikataa atampa mwingine. Nifanye nini?
Fundi, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Kabla ya lolote, usimruhusu mzee huyo auvute mkono wako. Bega likiteguka huhitaji kuambiwa. Mara nyingi mtu huwa ameanguka au amegongwa, umbo la bega hubadilika palepale, na mkono haunyanyuki. Wewe umepaka nao rangi miezi yote hiyo. Hata lililoteguka kweli halivutwi mtaani; hupigwa picha kwanza, maana huenda na mfupa umevunjika, na jirani yake hapo kwapani inapita mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu. Najua wazee wetu wa kukanda wanaheshimika. Akikupaka mafuta akukande taratibu shingo na mgongo, mshukuru. Kuvuta, hapana.

Dalili ulizoeleza zinaelekea kwenye kano. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na tundu linalokipokea begani ni la kina kifupi sana. Kwa hiyo mkono unaweza kuzunguka kila upande, lakini kazi ya kuushikilia imeachiwa misuli minne na kano zake. Moja ya kano hizo hupita chini ya mfupa wa ncha ya bega, na ndiyo inayobeba mzigo unapofanya kazi mikono ikiwa juu ya kichwa. Dari baada ya dari, siku baada ya siku, inachoka kuliko mwili unavyoweza kuitengeneza. Maumivu ya kunyanyua mkono na ya kulalia bega ndiyo lugha yake.

Mkeo usimlaumu. Alikufunga kwa mapenzi, na siku mbili tatu za kupumzisha bega linalowaka hazina ubaya. Tatizo ni wiki tatu. Bega lisilotikiswa hukakamaa, misuli yake hulegea, na kano hubaki dhaifu vilevile. Kano hupona kwa kupewa kazi ndogo inayoongezwa polepole, na hapo ndipo wengi hukosea: ama wanaacha kabisa, ama wanarudi kwenye mzigo uleule siku maumivu yanapopungua.

Anza hivi. Inama, mkono mzima ukiwa juu ya meza, huu mgonjwa uning'inie na kuzunguka taratibu. Kisha simama mbele ya ukuta, utambaze vidole kwenda juu mpaka unapoweza kuvumilia. Ukishazoea, kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kifunge kwenye nondo za dirisha. Bana kanga iliyokunjwa kati ya kiwiko na ubavu, kiwiko kikiwa kimekunjwa, uvute mpira kuelekea nje polepole na kurudi polepole. Mara kumi hadi kumi na tano, pumzika, rudia. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi yanaruhusiwa. Yakiwa yamezidi hadi kesho yake asubuhi, umepitiliza, punguza. Na usikate tamaa wiki ya tatu. Kano hudai wiki 12 na zaidi. Usiku lala ubavu wa kushoto, ukiegemeza mkono wa kulia kwenye mto mbele yako.

Sasa bosi. Usimwambie huwezi kazi, mwambie utaifanya vipi. Omba uanze na kuta, milango na madirisha, dari zigawanywe kati yako na mwenzako. Zile utakazolazimika kuzigusa, funga msasa na rola kwenye mpini mrefu, ushike kwa mikono miwili usawa wa kifua. Fanya kwa vipindi vifupi, ukibadilisha na kazi ya chini. Ndoo ya lita 20 usiibebe imejaa. Bosi mwenye akili atajua kwamba fundi mzoefu wa miaka mingi ana thamani kuliko dari za wiki moja. Kama umeajiriwa kihalali, mjulishe pia kwa maandishi: Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inahusu hata maradhi yanayotokana na kazi, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hulipwa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wako. Inaniuma kwamba mafundi wengi wanafanya kazi bila hata karatasi moja ya mkataba.

Diklofenaki za kununua duka la dawa usizigeuze chakula cha kila siku. Huchoma tumbo, huumiza figo, hupandisha presha. Ukitaka kuzitumia siku chache, muulize daktari kwanza.

Nenda hospitali wiki hii, uonwe na mtaalamu wa fiziotherapia ahakikishe ninachokisia kwa barua, na upimwe sukari. Wenye kisukari hupata zaidi ugonjwa wa bega kuganda, ambao unaweza kuchukua mwaka na zaidi, na ugumu wa mkono wako unanifanya nisiupuuze. Usisubiri hata siku moja ukianguka na mkono ukakataa kunyanyuka, bega likivimba na kuwa la moto pamoja na homa, au mkono ukifa ganzi. Maumivu ya bega yakija na kifua kubana, jasho na pumzi kukatika, huenda ni moyo, kimbia hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Zungumza na bosi kabla ya Jumatatu, mkeo akijua mlichokubaliana.