PS au Kompyuta? Usidanganywe na Wastani

Ubishi huu haukosi hosteli: mmoja anasema gemu ni PlayStation, mwingine anajibu kwamba kompyuta haina mpinzani. Mara nyingi wote wawili wanalinganisha vitu visivyolingana. Shida inakuja boom ikishaingia, maana ubishi unahamia dukani na hela inatoka kweli. Kwa hiyo tuufanye somo.

Tuanze na kinachopimwa. Gemu si filamu iliyokwisha kurekodiwa. Mashine inachora picha palepale unapocheza. Kila picha moja ni fremu. Ikichora fremu 30 kwa sekunde, kila fremu ina nafasi ya milisekunde 33 hivi. Ikichora 60, nafasi inabaki 17 hivi. Kadiri fremu zinavyokuja haraka, ndivyo unavyoona upesi matokeo ya kubonyeza pedi.

Hapo ndipo wastani unapotupiga chenga. Chukua sekunde moja: fremu 59 zimetumia milisekunde 10 kila moja, jumla 590. Ya 60 imetumia 410. Jumla kuu ni milisekunde 1,000, yaani fremu 60 kwa sekunde. Kwenye karatasi safi kabisa! Lakini wewe uliyekuwa unapiga penalti umeona skrini imeganda karibu nusu sekunde. Sisi tunaosomea ualimu tunalijua hili: darasa linaweza kuwa na wastani wa 60 huku kuna mtoto ana 5. Ukitaka hali halisi, mwangalie anayeburuta mkia.

Kompyuta ina sababu zake za kukwama. PS4 za toleo moja zinafanana ndani, kwa hiyo maelekezo ya kuchora mwanga na vivuli huandaliwa kabla gemu haijauzwa. Kompyuta zina kadi za picha za kila aina. Maelekezo yaleyale lazima yaandaliwe upya ndani ya kompyuta yako, na kazi hiyo ikifanyika katikati ya mchezo, gemu inashtuka. Ongeza joto: laptop ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe.

Lakini wa PS nao wasishangilie mapema. Juni 2015 Batman: Arkham Knight ilicheza vizuri kwenye PS4, ila kwenye kompyuta ilikwama hadi Warner Bros. ikasitisha kuiuza siku chache tu baada ya kutoka. Ilirudi Oktoba. Desemba 2020 kibao kikageuka. Cyberpunk 2077 ilikuwa nzuri kwenye kompyuta zenye nguvu, lakini kwenye PS4, mashine ya mwaka 2013, ilihangaika mno. Sony ikaiondoa kwenye duka lake la mtandaoni, ikairudisha Juni 2021. Kumbe nguvu ya mashine ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kama waliotengeneza gemu waliipangia kazi inayoiweza.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, fanya hivi:

1. Tumia gemu ileile, sehemu ileile, kwenye skrini ileile.
2. Shusha ubora wa picha wa kompyuta ufanane na wa PS. Kwenye PS watengenezaji wamekuchagulia mengi. Kwenye kompyuta unachagua mwenyewe.
3. Chomeka laptop kwenye umeme, maana ikitumia betri nyingi hupunguza kasi.
4. Cheza dakika kumi na tano au zaidi, joto lipande, kisha rudia mara tatu.
5. Andika wastani, halafu andika pia imeganda mara ngapi.

Sasa turudi kwenye boom. Kama huna kompyuta kabisa, nunua ya masomo kwanza. PS haitakuandikia hata ukurasa mmoja wa ripoti ya utafiti. Kama tayari unayo ya kuandikia, na haina kadi ya picha inayojitegemea, usiilazimishe gemu kubwa. Kadi iliyomo ndani ya prosesa inagawana RAM na programu nyingine, na hapo PS itakupa mchezo uliotulia zaidi. Na muuzaji akikutajia fremu kwa sekunde, mwambie aiwashe, uicheze mbele yake mpaka ipate moto. Akikataa, jibu umeshapata.