Njugu na Sukari Nguru: Mbinu za Kuoka Biskuti za Kukata Nyumbani

Ukiingia soko la Rongo, Oyugis au Ndhiwa baada ya mavuno ya mvua ndefu, utakuta njugu karanga zimemwagwa juu ya magunia na wauzaji wakizipima kwa gorogoro. Na kwa kuwa huku ndiko kwenye miwa, sukari nguru nayo haiko mbali. Viungo hivyo viwili vikikutana na unga wa ngano, siagi kidogo na yai moja, unapata biskuti laini ya kuoka kwenye trei na kuikata vipande vya mraba. Aliyesoma shule za Nyanza Kusini ataijua ladha yake mara moja. Ni ladha ya kashata, na ya njugu za kukaanga zilizofungwa kwa karatasi ya gazeti, zile zilizouzwa langoni saa ya mapumziko.

Marekani, biskuti za namna hii ni kumbukumbu ya shule pia. Sheria ya chakula cha shule ilipopitishwa huko mwaka 1946, serikali iliendelea kununua mazao ya ziada ya wakulima na kuyapeleka jikoni mwa shule, siagi ya njugu ikiwemo. Wapishi wakatandaza donge lote kwenye trei, wakaoka, wakakata kwa kisu. Njia hiyo inafaa kwa anayelisha watoto wengi, na inafaa pia kwa mama au baba aliyerudi kazini jioni, kwa sababu huviringishi biskuti mojamoja wala huhitaji kifaa chochote cha kuchonga maumbo.

Kuoka kwenyewe ni kazi ya nusu saa. Kazi kubwa hutangulia: kuchagua njugu na kuzikaanga. Hapo ndipo ladha na usalama wa biskuti huamuliwa, na hapo ndipo mkaaji wa Migori au Homa Bay anapomzidi mpishi wa mjini, kwa kuwa yeye anaiona njugu kabla haijasagwa.

Chagua kwa macho na kwa mkono

Tafuta njugu za msimu huu zilizokauka vizuri. Tikisa ganda: njugu kavu hulia ndani. Vunja moja, uibonye kwa meno. Iliyokauka hukatika kwa mlio, na yenye unyevu hubonyea. Aina ndogo nyekundu inayoitwa Valencia, ambayo ganda lake hubeba mbegu tatu au nne, ina utamu unaofaa sana kwa biskuti, ila aina yoyote iliyo safi itakufaa.

Kisha zimwage kwenye sinia, mahali penye mwanga wa mchana, uzichambue zote. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizochipua na zenye ukungu wa kijani au manjano. Onja mbili tatu, na ukikuta uchungu usizitumie. Usimpe kuku zile ulizozitoa; zifukie au zichome.

Ninasisitiza hatua hii kwa sababu ya aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka na njugu zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyoharibika. Mwaka 2019 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilipiga marufuku chapa kadhaa za siagi ya njugu zilizopatikana na sumu hiyo kupita kiasi. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 tu kwa kilo moja, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukigundua. Kukaanga hupunguza sumu lakini hakuimalizi. Kwa hiyo kinga ya jikoni ni kununua njugu kavu na kuzichambua kabla ya kuzisaga, maana zikishasagwa, mbovu na nzima huwa kitu kimoja.

Kaanga polepole

Nusu kilo ya njugu zilizobanduliwa maganda inatosha trei moja, na hubaki siagi ya kupaka mkate au kukoroga kwenye uji.

Wauzaji wengi wa barabarani hukaangia njugu kwenye mchanga, na joto huenea vizuri. Lakini kwa njugu za kusaga, acha mchanga. Chembe moja ikibaki, itasikika menoni. Tumia sufuria nzito na kavu juu ya moto mdogo. Koroga kwa mwiko bila kupumzika kwa dakika 15 hadi 20. Mwenye oveni azitandaze kwenye trei kwa joto la nyuzi 170, azigeuze kila dakika tano.

Usisubiri ngozi iwe nyeusi. Sikiliza mlio wa kupasuka, kisha toa njugu moja, uipasue katikati. Ndani ikiwa na rangi ya hudhurungi hafifu, epua papo hapo na uzimwage kwenye sinia pana, kwa sababu njugu huendelea kuiva kwa joto lake yenyewe hata nje ya moto. Zikipoa, zisugue kwa kitambaa kikavu ngozi zitoke, kisha zipepete kwa ungo. Ngozi chache zikibaki si neno, ila zikizidi huleta ukakasi.

Saga, na uwe na subira

Weka kando gramu 60 hivi za njugu nzima, uziponde vipande vikubwa kwa mchi. Zilizobaki zisage kwa blenda, kwa kinu, au zipeleke kwa mwenye mashine ya kusaga njugu. Kabla hajaanza, muombe aisafishe mashine, hasa kama ndiyo anayosagia nafaka nyingine.

Kwenye blenda, njugu hupita hatua tatu. Kwanza huwa chenga, kisha hushikana kuwa donge kavu, mwisho mafuta yake hutoka na donge hulainika. Wengi hukata tamaa kwenye hatua ya pili na kuongeza maji. Usiongeze maji, kwani yataifanya siagi ikaze na kuharibika upesi. Zima blenda, ipumzishe dakika mbili injini isiungue, kwangua pembeni, endelea. Kama donge limegoma kabisa, kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia kinatosha.

Siagi hii ya nyumbani ni tofauti na ile ya dukani, ambayo mara nyingi hutiwa mafuta ya kuigandisha, na sukari. Ya nyumbani ni nyepesi zaidi, na mafuta hupanda juu ikikaa. Ikoroge vizuri kabla ya kupima. Ndiyo maana vipimo vya hapa vina siagi ya kawaida kidogo kuliko vya biskuti nyingi.

Vipimo vya trei ya sentimita 20 kwa 20

Siagi ya njugu gramu 200. Siagi ya maziwa au majarini gramu 80. Sukari nguru iliyokunwa gramu 150. Maziwa vijiko viwili vya chakula. Yai moja. Unga wa ngano gramu 150, yaani kikombe kimoja cha mililita 250 na vijiko viwili vya chakula. Poda ya kuokea keki nusu kijiko cha chai (hamira ya mkate haifai hapa). Chumvi robo kijiko cha chai, au chini ya hapo kama majarini yako ina chumvi. Vanila kijiko kimoja cha chai. Pamoja na zile njugu za kuponda.

Nusu kijiko cha poda kisikutie shaka. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Migori uko juu zaidi. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi na donge huumuka kwa urahisi zaidi, kisha huporomoka. Poda kidogo huilinda biskuti isibonyee katikati.

Anayependa ladha ya uji wa nyumbani abadilishe robo ya unga wa ngano kwa unga wa wimbi. Rangi itakoza na biskuti itavunjika upesi zaidi, lakini wimbi na njugu hupatana sana.

Sukari nguru na jinsi ya kuitumia

Migori na Homa Bay ni nchi ya miwa. Kampuni ya sukari ya Sony iliyoanzishwa mwaka 1976 iko Awendo, na Ndhiwa nako miwa imejaa. Sukari nguru hubaki na asali yake ya miwa, ile ambayo kiwandani huondolewa ili sukari iwe nyeupe. Asali hiyo hushika unyevu, kwa hiyo biskuti hubaki laini siku kadhaa, na huleta ladha nzito ya kuchomeka kidogo ambayo sukari nyeupe haina.

Ila nguru huja kwa vibonge, na wakati mwingine huwa na vipande vya makapi ya miwa. Ikune, kisha iweke kwenye sufuria ndogo pamoja na maziwa na siagi, juu ya moto mdogo sana. Koroga mpaka iyeyuke bila kuchemka. Ichuje kwa kichungi cha chai. Kama huna nguru, tumia sukari ya kahawia kwa uzito uleule.

Kuchanganya

Tia siagi ya njugu kwenye mchanganyiko wa nguru ungali na uvuguvugu, ukoroge hadi uwe laini. Subiri upoe kiasi cha kuweza kutia kidole bila kuungua, ndipo uongeze yai na vanila. Ukiharakisha, yai litaiva na kuwa vipande.

Chekecha unga, poda na chumvi pamoja, umimine juu, kisha changanya kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane. Ishia hapo. Kuukanda kama wa chapati huamsha mvuto wa ngano na kuifanya biskuti iwe ngumu. Paka trei mafuta, weka karatasi ya kuokea inayozidi kingo pande mbili ili uinyanyulie, tandaza donge kwa mgongo wa kijiko, umalizie kwa njugu zilizopondwa juu, ukizibonyeza kidogo.

Kuoka kwa oveni au kwa makaa

Kwa oveni: washa kwanza hadi nyuzi 175, oka kwa dakika 22 hadi 25.

Kwa jiko la makaa: chukua sufuria kubwa nzito yenye mfuniko bapa wa chuma. Tandaza mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, weka juu yake vijiwe vitatu au pete ya bati, funika, upashe moto dakika kumi. Weka trei yako, au sufuria ndogo ya kipenyo cha sentimita 22, juu ya vijiwe hivyo. Gawanya makaa: theluthi moja chini, theluthi mbili juu ya mfuniko. Wengi hukosea hapa kwa kujaza moto chini, biskuti ikaungua kitako huku juu ikiwa mbichi. Hesabu dakika 30 hadi 35, na usifunue kabla ya dakika 20, maana kila unapofunua joto lote hukimbia.

Biskuti imeiva pale kingo zinapokuwa za hudhurungi na kuanza kuachana na trei, huku katikati kukiwa bado kunabonyea. Chomeka kijiti: kikitoka na chembe zenye unyevu, epua, kikitoka na uji, ongeza dakika nne. Kikitoka kikavu kabisa, umechelewa kidogo, lakini biskuti bado italika vizuri kwa chai.

Kukata na kuhifadhi

Acha biskuti ipoe ndani ya trei kwa saa moja, kwani ikiwa ya moto itamomonyoka. Kata kwa kisu kirefu, ukikipangusa kila mkato, upate vipande 16. Vihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, mahali pasipo jua. Katika joto la kando ya ziwa, viliwe ndani ya siku tano, kwa sababu mafuta ya njugu huvunda. Ukisikia harufu kama ya rangi ya ukuta, vitupe.

Usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano biskuti yenye vipande vya njugu juu, kwa kuwa vinaweza kumkaba. Mwokee trei isiyo na vipande. Ukipeleka shuleni au kanisani, tangaza kwamba zina njugu. Wako watu ambao miili yao huikataa njugu kwa namna inayoweza kuua.

Zikikuharibikia

Zikitoka zenye mafuta juu, siagi ya njugu haikukorogwa kabla ya kupimwa. Safari ijayo punguza siagi ya kawaida hadi gramu 60. Zikiwa ngumu, zilikaa motoni kupita kiasi au zilikandwa sana. Zikimomonyoka hata baada ya kupoa, yai lilikuwa dogo au unga ulizidi. Zikiwa na ladha ya uchungu, rudi kwenye njugu: ziliungua, au hazikuchambuliwa.

Na ukitaka kuoka mwaka mzima, panga kuanzia mavuno. Nunua Julai au Agosti, moja kwa moja kwa mkulima ukiweza, njugu zikiwa bado ndani ya maganda. Zianike juani siku chache zaidi juu ya turubai, mbali na udongo, kisha zihifadhi kwenye gunia linalopitisha hewa, lililoinuliwa juu ya mbao. Ganda ni kinga bora kuliko kopo lolote, kwa hiyo bandua zile tu utakazooka wiki hiyo. Kwa njia hiyo utamlipa jirani yako aliyelima, na watoto wako watakula njugu ambazo umezichambua kwa mkono wako mwenyewe.