UVIMBE WA TAYA KWA MTOTO: USINGOJE



Somo letu la leo ni juu ya kansa (saratani) inayoshika watoto kwenye taya. Inaitwa limfoma ya Burkitt. Ilitambuliwa hapa Kampala, na inatibika. Lakini inakua haraka sana, kwa hiyo kuchelewa ndiko kunakoua.

Ilijulikanaje?
Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda mfupi baadaye, huko Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari nchi nyingi za Afrika wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waliona kwamba ugonjwa huu uko sehemu zenye joto na mvua, si kwenye milima ya baridi. Hizo ndizo sehemu za mbu na malaria. Mwaka 1964 watafiti wa London walikuta kirusi ndani ya uvimbe uliotumwa kutoka Uganda. Kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr.

Inaletwa na nini?
Kirusi hicho hupita kwa mate, na karibu kila mtoto wa kwetu hukipata akiwa mdogo bila kuugua. Lakini mtoto akishikwa na malaria mara kwa mara, kinga yake hushindwa kukizuia. Baadhi ya chembe nyeupe za damu huharibika na kuongezeka ovyo. Hiyo ndiyo kansa. Si uchawi, si laana, wala mtoto hawezi kumwambukiza mwenzake kansa hiyo.

Dalili
Huwapata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 7, lakini wakubwa kidogo pia. Angalia:
- taya au shavu kuvimba, mara nyingi bila maumivu makali;
- meno kulegea au kusogea;
- jicho kutokeza nje;
- tumbo kuvimba;
- miguu kukosa nguvu. Hii ni hatari sana, nenda siku hiyo hiyo.

Ufanye nini?
Wazazi wengi hufikiri ni jino bovu. Usikubali mtu ang'oe meno au achanje uvimbe kabla mtoto hajapimwa. Mpeleke kituo cha afya mara moja na uombe barua ya kumhamishia hospitali kubwa. Vituo vya serikali hupokea wakimbizi pia. Hospitalini watachukua kipande kidogo cha uvimbe na kukipima.

Taasisi ya Kansa ya Uganda, pale Mulago, ilianzishwa mwaka 1967 kwa ajili ya uvimbe huu hasa. Walio kaskazini wana Hospitali ya Lacor, Gulu. Matibabu yake ni dawa za kupitia mshipa, si kisu. Dawa hizo zinaweza kuleta kutapika na nywele kutoka, lakini nywele huota tena.

Usiache dawa katikati
Baada ya dawa ya kwanza uvimbe unaweza kupungua ndani ya siku chache. Mzazi anaona mtoto anacheza, anakumbuka nauli na watoto aliowaacha nyumbani, anaondoka. Mtoto huyo hajapona. Kansa iliyobaki hurudi, na ikirudi ni ngumu kuitibu. Ukikwama kwa nauli au chakula, mwambie muuguzi au mhudumu wa afya kabla hujaondoka, mtafute njia pamoja.

Kinga
Mtoto alale ndani ya chandarua kila usiku. Akiwa na homa, apimwe malaria na kumaliza dawa zote.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Kwa nini tusing'oe jino la mtoto aliyevimba taya?
2. Malaria inahusikaje na kansa hii?
3. Jirani anataka kumtoa mtoto hospitali kwa sababu uvimbe umeisha. Utamwambia nini?

Ukiona mtoto wa jirani ana uvimbe wa taya, usinyamaze. Mwambie mama yake leo.